Kichwa cha mgebuka kwenye sahani ya mbwa

Samaki hupanda mlima kabla ya kufika mtaa wetu wa Majengo, Sumbawanga. Mji huu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na samaki wake hutoka chini, pande mbili. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko takribani mita 770; mashariki, chini ya kuta za Lyamba lya Mfipa, kuna Ziwa Rukwa. Dagaa na migebuka hupakiwa Kasanga, Kirando, Kipili na Wampembe. Kambale na perege hupanda kutoka bondeni, upande wa Muze na vijiji jirani. Kutoka Kasanga pekee ni zaidi ya kilomita 100. Kwa hiyo samaki wengi wanaouzwa mjini wamekwisha kukaushwa juani, kubanikwa kwa moshi au kutiwa chumvi ili wahimili safari.

Mwisho wa safari hiyo ni sahani ya mbwa. Nyumba nyingi zinazofuga mbwa mtaani humu zina mmoja au wawili wa kienyeji, wa kubweka usiku na kulinda kuku, na desturi ya kuwalisha haitofautiani sana nyumba kwa nyumba. Watu wakimaliza kula, vilivyobaki hukusanywa: kichwa cha mgebuka, uti wa mgongo na miiba yake, ngozi, mchuzi ulioganda pamoja na vitunguu, ukoko wa ugali. Vyote humiminwa mahali pamoja, na mbwa huvimaliza kabla mtu hajageuka. Naandika makala haya kwa sababu sahani hiyo, pamoja na wema wote uliomo ndani yake, imekusanya karibu kila kinachoweza kumdhuru mbwa katika chakula cha samaki na kuacha karibu kila kinachomfaa. Kuibadilisha hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji sufuria ya pembeni na moto wa nusu saa.

Tuanze na kinachomfaa. Mbwa amekaa na binadamu maelfu ya miaka na tumbo lake limebadilika kwa kula naye. Mwaka 2013 watafiti wa Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga, wakati mbwamwitu kwa kawaida ana mbili tu. Ugali, basi, si takataka kwa mbwa. Anausaga na kupata nguvu. Tatizo ni ugali mtupu. Unga wa mahindi una protini ya asilimia 8 au 9 hivi, tena protini pungufu, na kalisi yake ni ndogo mno. Viwango vya chakula cha mbwa vinavyotumika Marekani vinataka angalau asilimia 18 ya protini katika chakula kikavu cha mbwa mzima, na asilimia 22.5 kwa anayekua au anayenyonyesha. Mbwa wa ugali mtupu ndiye yule tunayemwona mtaani mwenye manyoya yaliyofifia na mbavu za kuhesabika, huku mwenyewe akisema anakula kila siku.

Samaki anaziba pengo hilo vizuri. Dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika, wale wembamba wa rangi ya fedha pamoja na lumbu waliowazidi kidogo kwa ukubwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa yao myembamba, huleta pia kalisi na fosforasi. Mafuta yao ni ya aina inayosaidia ngozi na manyoya. Watu wa kando ya mito ya Alaska na Siberia wamelisha mbwa wao wa kuvuta sleji samaki waliokaushwa kwa vizazi vingi, kwenye baridi ambayo Julai yetu ya Sumbawanga haiikaribii, na mbwa wale wamefanya kazi ngumu kwa chakula hicho.

Hesabu ya jikoni ni rahisi. Gramu 100 za dagaa waliotwangwa, ukizichanganya na gramu 400 za dona, zinakupa chakula chenye protini ya asilimia 19 hivi. Mbwa wa kienyeji wa kilo 15 atakula mchanganyiko huo kwa takribani siku mbili. Kwa watoto wa mbwa waliokwisha kuanza kula, dona ipunguzwe hadi gramu 250 kwa gramu zile zile 100 za dagaa, na uji uwe laini. Mwenye maharage, nayo Ufipa inayo kwa wingi, anaweza kuyachemsha hadi yapondeke, bila kitunguu wala chumvi, na kupunguza dagaa karibu nusu kwa mbwa mzima.

Najua swali linalofuata, na ni swali la haki: dagaa apewe mbwa kabla ya mtoto? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta karibu nusu ya watoto wa mkoa wetu wa Rukwa walio chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa nchi nzima ni asilimia 30. Huu ni mkoa unaovuna mahindi hadi kulisha mikoa mingine. Anayesema dagaa wa kwanza ni wa mtoto amesema kweli, nami nasimama upande wake bila kusita. Nyumba ambayo mtoto wake anakula ugali kwa mboga za majani peke yake isinunue kisado cha dagaa kwa ajili ya mbwa.

Lakini tazama kinachotokea dagaa wanapochambuliwa. Mama anakaa na ungo, anakata vichwa na kutoa tumbo jeusi kwa kucha kwa sababu ya uchungu wake, kisha anapepeta. Kinachobaki chini ya ungo, vichwa na chenga, mara nyingi hupewa kuku au hutupwa. Hicho ndicho chakula cha mbwa. Mifupa ya kichwa cha dagaa ni laini, ikitwangwa kwenye kinu inakuwa unga, na kalisi iliyomo ndiyo ile ile ambayo mbwa wa ugali mtupu anaikosa. Sokoni nako chenga huuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku. Kenya ni hivyo hivyo: sehemu kubwa ya omena wa Ziwa Viktoria huishia viwandani kwenye chakula cha mifugo. Mbwa wa Majengo anaweza kushiba kwenye mabaki hayo bila kugusa sahani ya mtu.

Chenga zina kasoro moja, mchanga. Dagaa wengi wa ziwani bado huanikwa chini, juu ya mchanga wa ufukweni, ingawa vichanja vya kuanikia vimekuwa vikihimizwa kwa miaka. Mchanga mwingi unasaga meno ya mbwa, na ukikusanyika tumboni unaweza kumziba. Kuosha kwa kumimina hakusaidii, kwa kuwa mchanga unamwagika pamoja na dagaa. Watie kwenye beseni la maji ya vuguvugu, wakoroge, waache kidogo mchanga utue, kisha wapakue kwa mkono kutoka juu na maji ya chini uyamwage. Rudia hadi kiganja kikipita chini ya beseni kisihisi chembe. Na kabla ya kuosha, waangalie rangi. Dagaa mzuri ana mng'ao wa fedha. Aliyegeuka manjano, mwenye harufu ya mafuta ya zamani inayokwangua koo, mafuta yake yameharibika, na mafuta ya namna hiyo hummalizia mnyama vitamini E mwilini. Asipewe mbwa kwa hoja kwamba binadamu amemkataa.

Baada ya kuosha, moto. Wako wanaoamini kwamba mbwa, kwa kuwa ni mnyama, anastahili kupewa samaki mbichi, na pale samaki wabichi wanapofika mjini kwenye barafu, matumbo na vichwa vyao hurushiwa mbwa palepale. Samaki mbichi wa maji baridi anaweza kubeba mabuu ya minyoo wanaokomaa ndani ya utumbo wa mbwa. Katika nchi za baridi watu hugandisha samaki kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba ili kuwaua minyoo hao. Friji ya nyumbani inayokatikiwa umeme haitoi uhakika huo. Kuanika juani nako hakutoi uhakika. Kuchemsha kunautoa, na joto la nyuzi 63 likifika katikati ya nyama linatosha. Hapa kwetu juu, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa sababu ya mwinuko. Hilo haliwasaidii minyoo, lakini ndilo linalofanya maharage yetu yachelewe kuiva na mifupa ya samaki ichelewe kulainika. Anayesoma maelekezo ya pwani aongeze dakika.

Kuna sababu nyingine ya kuchemsha, isiyojulikana sana. Baadhi ya samaki wa maji baridi, hasa jamii ya karpu na baadhi ya samaki wadogo walio ndugu wa dagaa, wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, yaani thiamini. Mwaka 1932 mfugaji mmoja wa mbweha huko Minnesota, Marekani, aliyeitwa Chastek, alianza kuwapa mbweha wake samaki wabichi. Mbweha wakapoteza hamu ya kula, wakalegea miguu, wakapooza, wakafa. Ugonjwa ule ukaitwa kwa jina lake, na watafiti waliofuatilia walikuja kuthibitisha kwamba ulikuwa ni upungufu wa thiamini uliosababishwa na samaki mbichi. Mbwa na paka huupata pia. Moto unakiharibu kimeng'enya hicho kabisa. Mbwa aliyelishwa samaki wabichi kwa wiki kadhaa, kisha akaanza kuyumba, kuinamisha shingo na kukataa chakula, daktari wa mifugo aambiwe habari ya samaki hao mapema, maana sindano za thiamini zikiwahi humrudisha upesi.

Sasa miiba. Mwiba wa dagaa ukiiva unapondeka kwa ulimi. Mgebuka ni samaki wa kuwinda, mrefu, mwenye uti wa mgongo imara na miiba migumu kwenye pezi la mgongoni. Perege ana safu ya miiba mgongoni iliyochongoka, na kila aliyemsafisha kwa haraka anaijua. Kambale ndiye wa kuogopwa zaidi: kila upande wa kifua chake ana mwiba mmoja mnene, wenye meno pembeni, ambao moshi na jua huufanya uwe mkavu na mgumu kuliko ulivyokuwa majini. Mifupa ya samaki wakubwa ikikaangwa au kubanikwa hukauka, na ikivunjwa kwa meno inatoka vipande vyenye ncha. Mbwa hatafuni kwa utulivu, humeza. Kipande kikikwama kwenye koo utamwona anakwangua mdomo kwa mguu wa mbele, anatoa ute mwingi, ananyoosha shingo na kukohoa bila kutoa kitu. Kikipita na kutoboa utumbo, dalili huja taratibu: anajikunja mgongo, anatapika, tumbo linakuwa gumu, hataki kuguswa.

Kipimo ninachokipendekeza hakihitaji kifaa. Chemsha kichwa, kisha chukua mfupa uubane kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukipondeka, mwachie mbwa. Usipopondeka, utoe. Kwa kichwa cha mgebuka, hii ina maana ya kukichemsha hadi nyama iachie yenyewe, kukiacha kipoe, kisha kukinyofoa kwa mikono: kuna nyama ya mashavu, ya kisogo na ya kooni ambayo watu wengi huiacha, na ni nyingi kuliko inavyodhaniwa. Supu yake ni ya kumwagia ugali. Mifupa itupwe chooni au ifukiwe kwa kina, si kwenye jalala la uani ambapo mbwa ataifukua usiku. Kazi hii ni ya dakika kumi na mtoto wa darasa la nne anaweza kufundishwa. Katika nyumba nyingi huyo ndiye anayemlisha mbwa, na ndiye anayelia mbwa akifa.

Chumvi inahitaji uangalifu wa peke yake, kwa kuwa uwanda huu hula samaki wa chumvi kuliko watu wa ufukweni wanavyokula. Samaki aliyetiwa chumvi nyingi na kukaushwa anaweza kuwa na chumvi inayofikia moja ya tano ya uzito wake. Mbwa huanza kuugua akila chumvi ya gramu 2 au 3 kwa kila kilo ya mwili wake. Gramu 4 kwa kilo zinaweza kumuua. Kwa mbwa wa kilo 15, kiwango cha kuanza kuugua ni gramu 30, na gramu hizo zinaweza kuwamo katika gramu 150 za samaki wa chumvi, kipande kimoja cha kawaida. Kinachowaokoa mbwa wengi ni maji: mwenye maji ya kunywa karibu huitoa chumvi kwa mkojo. Aliyefungwa mnyororo tangu asubuhi na bakuli tupu hana njia hiyo. Atatapika, atahara, atayumba, na hali ikizidi atapata degedege. Samaki wa chumvi aloweshwe usiku kucha, maji yamwagwe, achemshwe kwa maji mapya, nayo yamwagwe pia. Hata hapo apewe kidogo tu. Nadhani ni bora kutompa kabisa, kwa kuwa dagaa wasio na chumvi wapo na ni nafuu.

Kitunguu nacho ni hatari iliyojificha ndani ya upendo. Mchuzi wa samaki wa nyumba zetu huanza na kitunguu maji, mara nyingi na kitunguu saumu, na ndio mchuzi unaomwagiwa mbwa ili ugali usimkwame. Vitunguu vina viini vya salfa vinavyoshambulia chembe nyekundu za damu ya mbwa hadi zinapasuka. Kupika hakuviondoi. Takribani gramu 15 hadi 30 za kitunguu kwa kila kilo ya mbwa zinatosha kuonyesha madhara, maana yake vitunguu viwili au vitatu vya wastani kwa mbwa wa kilo 15. Na kitunguu saumu kina nguvu zaidi kwa uzito ule ule. Mbwa hatakufa kwa kulamba sufuria mara moja. Lakini anayepewa mchuzi huo kila jioni hulimbikiza madhara, na dalili hutokea siku kadhaa baadaye, wakati hakuna anayekumbuka mchuzi: fizi zinapauka, anachoka akipanda mwinuko mdogo, mkojo unageuka rangi ya kahawia au nyekundu. Tunasema amerogwa au ameumwa na kupe. Kupe kweli huleta maradhi yanayofanana na hayo, ndiyo maana daktari anahitaji kuelezwa chakula pamoja na kupe.

Dawa ya tatizo hili ni ratiba. Kabla kitunguu hakijaingia kwenye mafuta, kipande au vichwa vya mbwa vitengwe kwenye sufuria yake. Ukisubiri watu wamalize kula, umechelewa.

Halafu kuna kilichochanganywa na samaki. Mara nyingi mbwa hapikiwi dona safi. Hupikiwa pumba, au mahindi yaliyotengwa kwa sababu yameshika ukungu. Sumu ya ukungu huo, yaani sumukuvu, haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumu hiyo katika mahindi iliwafanya watu 68 waugue Dodoma na Manyara, na 20 kati yao walifariki. Mbwa ni miongoni mwa wanyama ambao ini lao huumia mapema kwa sumukuvu. Marekani mwaka 2005 chakula cha mbwa cha kiwandani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo kiliua mbwa wengi. Mbwa wa Majengo akianza kutapika na macho kugeuka manjano baada ya mlo wa pumba na dagaa, samaki hulaumiwa kwa sababu ndiye mwenye harufu. Mahindi yenye ukungu hayafai kwa mbwa, kwa kuku wala kwa pombe. Yafukiwe.

Ukubwa wa samaki una maana yake pia. Zebaki hukusanyika mwilini mwa samaki wanaokula samaki wenzao, na hukusanyika zaidi kadiri wanavyozeeka. Huko Minamata, Japani, kabla ugonjwa wa zebaki haujatambuliwa rasmi kwa watu mwaka 1956, paka wa wavuvi walikuwa wameanza kuzunguka kama wanaocheza na kuanguka baharini. Walikuwa wamekula samaki wale wale. Sisi tuna jirani wa dhahabu: machimbo ya Lupa, wilayani Chunya, yako katika mabonde yanayopeleka maji Ziwa Rukwa, na wachimbaji wadogo hutumia zebaki kukamatia dhahabu. Simwambii mtu aache kambale wa Rukwa. Nasema mbwa anayekula samaki kila siku ya maisha yake alishwe zaidi wale wadogo, wanaoishi muda mfupi, na dagaa ndio hao.

Wanaoishi karibu na mialo ya Kasanga na Kirando wana hatari yao ya ziada, ndoana. Mbwa humeza chambo pamoja na ndoana, au kichwa cha samaki aliyekatwa mshipi. Ukiona uzi umetoka mdomoni, usiuvute. Ndoana iliyoshika koo au tumbo itachana ikivutwa. Ufunge uzi kwenye ukosi wa shingo asiumeze wote, kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na yule aliyekwamwa na mwiba asilazimishwe kumeza tonge la ugali kama tunavyofanya sisi wenyewe. Tonge linaweza kuusukuma mwiba uingie zaidi. Kama mwiba unaonekana mdomoni na mbwa ametulia, mtu mmoja amshike taya na mwingine autoe kwa koleo. Kama hauonekani, hapo hakuna dawa ya nyumbani.

Majengo ni mtaa wa watu wa imani mbalimbali, na wengi wa majirani ni Waislamu ambao kwao mate ya mbwa ni najisi. Chombo cha mbwa kikae nje, kioshwe kwa maji yake, kisirudi kwenye karai la vyombo vya watu, na sufuria yake ijulikane kwa alama. Hili ni jambo la ujirani, na kiafya lina faida kwa kila nyumba, kwa sababu minyoo na vijidudu vya mbwa huvuka kwenda kwa watoto kwa njia hizo hizo za vyombo na mikono. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amtunze ipasavyo, chakula na maji vikiwamo. Mwenye kutii sheria hiyo bila kumkera jirani amefanya yote mawili.

Na dagaa hawapo siku zote. Kwenye mbalamwezi taa za wavuvi hazina nguvu ya kuwakusanya, na wavuvi hupumzika hadi giza lirudi. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na uamuzi huo naunga mkono, kwa kuwa ziwa likichoka hata mtoto hatapata. Miezi kama hiyo mbwa asihamishiwe kwenye pumba tupu. Maharage yaliyopondwa, mashudu ya alizeti kidogo yasiyo na ukungu, mayai yaliyovunjika yakachemshwa, mabaki ya nyama yasiyo na chumvi wala kitunguu, vyote vinamvusha. Anayependa kujiandaa atwange vichwa vya dagaa wakati wa wingi, avikaange bila mafuta hadi vikauke kabisa, na avihifadhi kwenye debe lenye mfuniko, mahali pakavu, mbali na jua.

Limebaki jambo la sokoni. Wauza samaki wabichi huwasafishia wateja samaki palepale, na matumbo, magamba na vichwa huishia kwenye lundo. Mbwa wa mitaa yote hukutana kwenye lundo hilo, hupigana, huumana, na kichaa cha mbwa hupita kwa njia hiyo. Hadi asilimia 99 ya watu wanaokipata duniani hukipata kwa mbwa. Chanjo ndiyo kinga, na mbwa anayeshiba nyumbani ana sababu chache za kwenda kugombea jalalani. Naiomba Manispaa ya Sumbawanga na wauzaji wenyewe wakubaliane jambo dogo: kila meza ya samaki wabichi iwe na ndoo mbili zenye mifuniko, moja ya vichwa na mifupa mikubwa, nyingine ya matumbo na magamba. Vichwa vikaguliwe ndoana, viuzwe kwa wenye mbwa kwa bei ndogo kabla ya saa nane mchana, kwa sharti la kwenda kuchemshwa siku hiyo hiyo. Matumbo yachukuliwe na kufukiwa jioni. Fedha ya vichwa imlipe kijana wa kuyafukia.